Aya Ukutani, Picha Sandukuni



Wapenzi wasomaji wetu, wiki hii kalamu yetu imeelekea katika jambo ambalo wengi hulipita bila ya kulitazama mara mbili, nalo ni duka la fremu. Hapa Malaba, mji ambao wageni huujua kwa foleni za malori yaendayo Uganda na si kwa jambo jingine, lipo duka moja lenye kuuza fremu, vioo, rangi, brashi, penseli na karatasi za manila. Jina lake hatutalitaja, kwani safu hii si ya matangazo, wala mwenye duka hakutuomba. Lakini habari za duka hilo zimetufikia mara nyingi mno tangu Mfungo Sita, zikiletwa na akina mama, na karibu kila habari imekuja na swali la dini likiifuata kwa nyuma. Tumeona ni vyema tuyajibu yote hapa badala ya kuyajibu mlangoni mwa msikiti, moja leo na jingine kesho.

Msimu ndio ulioleta shughuli. Maulidi yalipokaribia, watu walitaka kuta zao zipendeze. Zikafuatia harusi, na siku hizi bibi harusi hapelekewi sanduku na kitanda pekee, bali hupelekewa pia aya iliyowekwa katika fremu ya rangi ya dhahabu. Kisha shule zikafunguliwa, na kila mtoto akaja nyumbani na orodha ya rangi na karatasi ambazo mwalimu anazitaka kesho asubuhi. Duka likajaa.

Tuanze na kazi yenyewe, kwani mwenye kununua kitu asichokijua huuziwa chochote. Fundi hupima karatasi, kisha hukata vipande vinne vya fremu kwa pembe ya nyuzi 45, akaviunga kwa gundi na misumari midogo. Huweka kioo, kisha kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, kisha karatasi yenyewe, na mwisho huuziba mgongo kwa hadibodi. Ile kadibodi yenye dirisha wengi huidhani pambo, wakaikataa ili kupunguza bei. Kazi yake ni kuizuia karatasi isigusane na kioo. Masika ya huku si ya mchezo, na unyevu ukiingia, karatasi iliyolala juu ya kioo hunata, na siku ya kuitoa wino hubaki kiooni. Wala msikubali kadibodi ya maboksi ya sabuni iwekwe mgongoni. Ina asidi, na baada ya miaka michache karatasi hugeuka manjano na kukatika kama jani kavu. Fremu nyingi za siku hizi si mti tena, ni plastiki iliyopakwa rangi, yenye kutoka China na kushushwa katika bandari ya Mombasa. Tunaowajua wenye kupenda mbao tunawaambia tu kwamba mchwa nao wanaipenda.

Sasa tushuke kwenye sakafu ya duka, kwani hapo ndipo swali la kwanza lilipoanzia.

Mama mmoja alipeleka karatasi kubwa yenye Aayatul Kursiy. Fremu aliyoichagua ilikuwa ndogo kuliko karatasi, naye fundi akafanya kama afanyavyo kila siku: akakata pambizo. Katika pambizo ile ya juu palikuwa na Bismillahi, na katika ile ya chini palikuwa na majina ya Mwenyezi Mungu. Vipande vikaanguka chini, vikachanganyika na unga wa mbao, na jioni vikafagiliwa. Mama yule aliviona siku ya pili, vikiwa katika lundo la taka nyuma ya duka. Alivikusanya kimoja kimoja, akavileta kwetu ndani ya mkoba, akauliza: "Sheikh, dhambi hii ni ya nani?"

Hatukumpa jibu la dhambi. Mwenye duka si Muislamu wala haisomi herufi ya Kiarabu, na asiyejua haulizwi kama ajuaye. Wenye kujua ni sisi tulioipeleka karatasi, na ni juu yetu kusema kabla msumeno na kisu havijaanza kazi. Tulikwenda dukani tukamweleza fundi kwa upole, naye siku hiyohiyo akaweka boksi pembeni mwa meza kwa ajili ya kila kipande chenye maandishi yetu. Boksi hilo huletwa madrasa likijaa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), alipokwisha kunakilisha misahafu na kuipeleka katika miji, aliamuru maandiko mengine yachomwe, na kutokana na hayo wanazuoni wametwambia kuwa karatasi ya namna hiyo ikichakaa yafaa ichomwe kwa kuihifadhi isidhalilike, au izikwe mahali pasipokanyagwa. Basi nanyi nyumbani msiwe na fedheha ya kufanya hivyo. Lililo baya ni kuiacha ikazagaa pamoja na maganda ya ndizi.

Swali la pili ni zito zaidi, na hili tunaomba lisomwe kwa sauti mbele ya watu wa nyumba.

Aya nyingi zinazouzwa barabarani na hata madukani zimechapishwa na watu wasioisoma Kiarabu, kwa programu za kompyuta ambazo nazo haziisomi. Matokeo yake ni ya aina mbili. Aina ya kwanza huonekana haraka: herufi hutengana, kila moja ikasimama peke yake, na mstari ukageuka kuanzia kushoto. Mtoto wa darasa la kwanza la chuoni huliona hilo. Aina ya pili hujificha, nayo ni nukta. Herufi ya khaa ikidondosha nukta yake huwa haa, na neno "khalaqa", yaani ameumba, likawa "halaqa", yaani amenyoa. Wapenzi, tafakarini ni maneno gani hayo yanayotundikwa juu ya kochi, kwa dhahabu, na wageni wakayasifu!

Na haya si ya kudhania. Katika nyumba moja hapa mjini, karatasi yenye kosa la namna hiyo ilikaa ukutani hadi siku mtoto wa miaka tisa alipoanza kuisoma kwa sauti, akasita, akarudia, akamwambia babu yake kuwa msahafu wake hausemi hivyo. Babu alimkemea kwanza. Kisha akauchukua msahafu, akavaa miwani, akanyamaza. Tunamsifu mtoto, na tunamsifu babu pia, kwani si kila mtu mzima hunyamaza panapostahili.

Kwa hiyo tunawaomba: kabla ya kulipia fremu, ileteni karatasi madrasa isomwe. Itachukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Hatutozi kitu.

Lakini je, kutundika kwenyewe kuna hukumu gani? Hapa tunajua tutawaudhi baadhi ya wasomaji. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, naye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi, ametaja katika kitabu chake At-Tibyan kwamba katika madhehebu ni makuruhu kunakshi kuta na nguo kwa Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu. Makuruhu si haramu, lakini si jambo la kulikimbilia kama sunna. Na hali hiyo tunajua kuwa wazee wetu wa Pwani hawakuacha kuta tupu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe upande wa kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia. Wapo waliojuzisha, na wapo waliokataza. Sisi tunasema: mwenye kutundika asitundike mahali pa kudharaulika, asiifanye fremu kuwa hirizi ya kuzuia wezi, wala asijidanganye kuwa aya iliyo ukutani humsomea yeye aliyelala. Tunazijua nyumba zenye fremu tano za Qur'ani na msahafu mmoja, nao msahafu una vumbi kuliko fremu.

Tukija kwenye picha za watu, swali linakuwa la moyo.

Kwetu Pwani picha za ukutani si ugeni. Unguja, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na picha za watu na mitaa ya Mji Mkongwe zilizopigwa hapo zimebaki hata leo kuwa kumbukumbu ya vizazi. Familia nyingi za Kiislamu zilikwenda kupigwa picha studio, mama kwa buibui lake, baba kwa kanzu na kofia, na picha ikatundikwa sebuleni. Na wakati huohuo hadithi sahihi zilikuwa zikisomwa misikitini, zenye maana kwamba malaika hawaingii katika nyumba yenye sura, na kwamba Mtume (S.A.W.) alichukizwa na pazia la Bibi Aisha (R.A.) lililokuwa na sura. Ikhtilafu ya wanazuoni ilikuja juu ya picha ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha, kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi sura bali hukizuia kivuli cha kile alichokiumba Mwenyezi Mungu. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia yeye aliikataza ila kwa dharura. Wote wawili ni bahari ya elimu, na sisi ni wachotaji tu.

Mwezi uliopita alitujia mwanamke kijana, mjane, ambaye idda yake ya miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha karibuni. Mumewe alikuwa dereva wa malori katika njia hii ya Mombasa na Kampala. Alikuwa na picha moja tu ya marehemu, ndogo, ile ya kitambulisho, na alikuwa ameikuzisha na kulipia fremu. Ana mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajatimiza mwaka baba yake alipofariki. Mavyaa yake alipoona risiti ya duka alisema picha hiyo haitundikwi katika nyumba yake, na tena ichomwe. Mjane akaileta kwetu, imekunjwa ndani ya kanga, akasema maneno machache: "Sheikh, mwanangu atamjua babake kwa nini?"

Tulimwambia, mwanangu, kaa kwanza.

Kisha tulimweleza tunavyoona. Kuitundika picha ya marehemu mahali pa heshima, uso wake ukitazama sebule, hatukupendi, kwa sababu ya hadithi tulizozitaja na kwa sababu kuadhimisha sura za waliokufa ni mlango ambao kaumu zilizopita waliuingia wakapotea. Lakini kuichoma si wajibu uliomlazimu, madhali wapo wanazuoni waliojuzisha picha ya kamera na yeye ana haja nayo. Kuihifadhi ndani ya bahasha, sandukuni, akaitoa siku mtoto atakapouliza, ni jambo ambalo hatuoni ubaya wake. Akakubali. Ila alisema kuwa mavyaa hatakubali.

Tulikwenda kwa bibi huyo siku ya pili baada ya alasiri, pamoja na mke wetu. Tulidhani tutazungumza fiqhi. Tulipoitaja hadithi ya malaika alitusikiliza kwa adabu, akaijua hata vizuri kuliko tulivyotarajia, kisha akasema kuwa tangu picha ile ikuzwe ameiona mara moja tu, na siku hiyo zilimpita magharibi na isha, hakuweza kunyanyuka pale alipokaa. "Mwanangu alikuwa ananitazama, sheikh. Kama anayetaka kuniambia kitu." Hapo tukafahamu kuwa mama huyu hakuwa akimwonea mkwewe. Alikuwa akijilinda. Mke wetu alimshika mkono, nasi tukatoka nje kungojea, kwani palikuwa na maneno ambayo hayakuhitaji sheikh.

Walipatana wenyewe. Picha imo sandukuni, na ufunguo anao mama wa mtoto. Fremu ilikuwa imekwisha kulipiwa, na fundi si mtu wa kurejesha pesa. Bibi ndiye aliyetoa katika mikoba yake daftari la marehemu la chuoni, la utotoni, lenye alifu hadi yaa kwa mwandiko wa mtoto wa miaka saba, laini zimepinda, yaa ya mwisho imezidi ukubwa. Karatasi moja ya daftari hilo ndiyo iliyomo ndani ya fremu sasa. Mjane ameturuhusu tuyaandike haya bila ya majina, akitumai yatamfaa mwingine.

Tumebakiza swali la binti anayependa kuchora. Mzazi mmoja, baba, alilalamika kuwa binti yake humaliza pesa za nauli katika duka hilo kwa kununua penseli na rangi za maji, na kwamba sasa anataka, akifika Gredi ya 10, achague njia ya sanaa. Kama mjuavyo, mtaala wa sasa wa Kenya una njia tatu katika sekondari ya juu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na sayansi ya michezo. Baba anasema uchoraji ni haramu, basi na njia ni haramu.

Tunamwomba asifunge mlango kwa nguvu kiasi hicho. Imepokewa kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza sura alimwendea Ibn Abbas (R.A.), naye baada ya kumwonya alimwelekeza, ikiwa hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Huo ni uwanja mpana. Humo mna maua, mna majahazi, mna milango ya Lamu na nakshi zake, na mna khati. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano kwa ustadi ambao wataalamu wa dunia huusoma hadi leo. Hawakuwa na duka la rangi mlango wa pili. Na kama baba huyo anachelea gharama, amtazame Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya hadibodi, ubao uleule ambao fundi wetu huuweka mgongoni mwa fremu, akafariki mwaka 1972 na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Yeye alichora wanyama, nasi hatumfuati humo. Tunachotaka kionekane ni kuwa kifaa duni hakikumzuia.

Tena sanaa hii ina riziki. Akina mama kadhaa wa hapa wamekwishaanza kuzipeleka kofia walizozishona kwa mkono, na vitambaa vya kudarizi, viwekwe fremu ya kina ili viuzwe kama zawadi. Mmoja anauza hadi Tororo. Tunamkumbusha yeye na wenzake kwamba si lazima kupenya vichochoro vya mpakani kama anayeiba. Upo mpango rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, ambao kwao shehena yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani. Ulizeni mezani kwa maafisa wa forodha kabla ya kumlipa mtu wa pikipiki.

Hilo limetufikisha katika tangazo. Madrasa itafungua darasa la khati kwa watoto wa kuanzia miaka minane, wavulana na mabinti, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, mabinti wakifundishwa na ustadhati wao katika chumba cha ndani. Kila mtoto aje na kalamu ya mwanzi. Asiyekuwa nayo atachongewa, kwani matete yako tele hapa mtoni. Wino tutautoa sisi. Mwenye duka la fremu ameahidi kutuletea vile vipande vya kadibodi nyeupe anavyovitoa katika madirisha, vitupu visivyo na maandishi, wawe wanafanyia mazoezi. Waambieni watoto waandike upande usiong'aa, kwani ule unaong'aa haunywi wino, na kanzu nyeupe za Jumamosi zinafuliwa na ninyi.